Vituko vya Barafuni: Ushauri kwa Anayetaka Kuvua Juu ya Ziwa Lililoganda

Kila Desemba ndugu waliohamia Minnesota, Marekani, karibuni huniuliza swali moja: ni kweli watu wa huku wanaegesha magari juu ya ziwa, wanatoboa shimo na kuvua samaki? Ni kweli. Wakionyeshwa picha za vibanda vilivyojipanga katikati ya Mille Lacs, ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 500, wanagawanyika. Wapo wanaosema hao watu wamechoka kuishi, na wapo wanaouliza tunaenda lini. Nawaandikia hao wa pili, ingawa ningefurahi wale wa kwanza nao wakisoma.

Mimi nimekulia Mwanza. Kwetu ziwa ni kazi: karabai usiku, dagaa wa kuanika asubuhi, hesabu za mafuta ya injini. Huku nilikuta ziwa la majira ya baridi ni baraza. Wengi wetu tunafanya zamu za usiku kwenye nyumba za kulelea wazee au kwenye maghala, mchana tunalala, na kuanzia Novemba hadi Aprili mtu anaweza asione uso wa rafiki ila kwenye simu. Mzee jirani yangu, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye aliyenigongea mlango Jumamosi moja akaniambia nivae nguo zangu zote nimfuate. Tangu hapo sijawahi kukaa ndani msimu mzima, na nimewavuta wengine. Samaki wanaliwa wanasahaulika. Kinachosimuliwa hadi kiangazi ni vituko. Na nilichojifunza ni kwamba karibu kila kituko cha barafuni kina chanzo unachoweza kukijua mapema, maana barafu, maji na upepo vina tabia zao. Jambo lile lile lililowachekesha watu leo, hali ikibadilika kidogo tu, linaweza kuondoka na mtu. Kwa hiyo nitawasimulia kicheko na tahadhari kwa pamoja.

Ziwa linanguruma

Cha kwanza kumshtua mgeni ni sauti. Jua likizama na baridi ikikaza, barafu husinyaa na kupasuka. Jua likiipiga asubuhi, hutanuka na kusukumana na ufukwe. Mpasuko unaanzia upande mmoja wa ziwa, unapita chini ya miguu yako, unaishia upande wa pili, na ngurumo yake unaisikia hadi tumboni. Wakati mwingine mlio ni mwembamba, "tyuuu", kwa sababu ndani ya barafu sauti nyembamba husafiri haraka kuliko nzito, hivyo zinakufikia kwa kufuatana.

Shemeji yangu ni askari mstaafu, mtu wa Tabora, na mwoga si sifa yake. Ngurumo ya kwanza ilipopita chini ya kibanda alikuwa ameshika sahani ya wali. Aliiweka chini taratibu, haikumwagika hata punje moja, kisha akalala kifudifudi, mikono kisogoni. Mzee jirani hakuinua hata kichwa kutoka kwenye shimo lake.

"Mwambie asihofu," alisema. "Inaongezeka unene hiyo."

Nikamfikishia. Shemeji akajibu akiwa bado chini: "Mwambie nitaamka ikimaliza kuongezeka."

Mzee alisema kweli. Ngurumo peke yake haimaanishi barafu inavunjika, na usiku wa baridi kali ndipo ziwa linapopiga kelele zaidi. Lakini ukimya nao si dhamana. Usikilize upendavyo, ila upime. Idara ya Maliasili ya Minnesota inaelekeza angalau inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea, yaani sentimita 10. Inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji. Inchi 9 au 10 kwa gari dogo. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ihesabu kuwa na nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo unene wake uwe maradufu. Idara hiyo hiyo hurudia kila mwaka kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100. Unene unabadilika ndani ya hatua chache: karibu na mto unapoingilia, chini ya daraja, kwenye matete, penye mkondo.

Nenda na mtaimbo. Kila hatua kadhaa piga mbele yako kwa nguvu. Barafu ikitoboka kwa pigo moja au mawili, rudi kwa nyayo ulizojia. Mahali pengine toboa kwa kekee ya barafu, shusha rula, ujue hasa umesimama juu ya nini. Mimi hupima hata nikiona gari limeegeshwa mbele yangu, maana lile gari lenyewe huenda limefika pale kwa bahati.

Jiko lililotaka kuzama

Rafiki yetu mmoja wa Nakuru aliapa kwamba siku yake ya kwanza ziwani haitapita bila nyama choma. Alikuja na jiko la mkaa, mbavu za mbuzi, chumvi kwenye chupa ya dawa, na ubao wa kukatia. Barafu siku hiyo ilikuwa nene ya kutosha kubeba gari, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi wa kuzama sisi. Jiko lilikuwa na habari nyingine.

Alilikoleza vizuri, akalitua juu ya barafu tupu mita moja kutoka shimo lake la kuvulia. Kwa muda kila kitu kilikwenda sawa. Kisha tukaona kidimbwi kidogo chini ya jiko, kinang'aa. Mguu mmoja ukaanza kushuka. Akazungusha jiko, mguu wa pili ukashuka. Akaweka kadi ya leseni ya uvuvi chini ya mguu wa tatu ili lisimame wima. Kadi ikapotea majini. Nyama zikaanza kuteremka upande mmoja wa wavu, naye anazirudisha kwa koleo, zinateremka tena, na mafuta yanadondoka kwenye kile kidimbwi. Maji yakapanda hadi kwenye tundu la majivu, yakagusa makaa, mvuke ukamfunika kichwa kizima. Tulipomsikia tena alikuwa anapiga kelele, "Okoeni nyama! Jiko liacheni!" Nyama ikaokolewa, isipokuwa ubavu mmoja ulioteleza kwenye barafu iliyolowa, ukapita kati ya miguu ya watu watatu, ukaingia moja kwa moja shimoni.

Mzee jirani akachungulia shimo, akauliza kwa heshima zote kama hicho ndicho chambo kinachotumika Kenya.

Ukitaka kuchoma nyama barafuni, na mimi nakushauri uchome, weka kipande kinene cha mbao chini, juu yake matofali mawili, ndipo jiko. Joto lisiguse barafu. Jiko liwe mbali na mashimo na mbali na hema. Majivu na makaa yarudi nyumbani kwenye ndoo ya chuma pamoja na taka zote. Kuacha uchafu juu ya barafu ni kosa kisheria, na wenye ziwa wanalichukia kweli kweli. Soda za makopo usiziache zigande. Maji yakiwa barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na kopo halina pa kutanukia. Nimeshuhudia begi zima la vitafunio likigeuka sharubati ya chungwa. Chai ya tangawizi kwenye chupa nzuri ya kutunza joto, na chapati ndani ya jaketi karibu na kifua, hizo hazijawahi kutuangusha.

Hema linaposafiri bila mwenyewe

Upepo ndio unaowashinda wengi. Ziwa lililoganda halina mti wala ukuta, na barafu isiyo na theluji haina pa kukamatia. Ndugu wawili kutoka Uvira walinunua hema jekundu la kukunjua, zuri, lenye viti ndani. Walilikunjua, wakaweka fito zao, chambo na blanketi, wakafunga zipu, kisha wote wawili wakarudi kwenye gari kuchukua kekee. Waligeuka wakakuta hema limeshaanza safari.

Halikuruka. Liliteleza, wima kabisa, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Wao walikuwa na buti laini chini. Wa kwanza alikimbia hatua tatu akakaa. Wa pili akamshika wa kwanza, wakakaa wote. Hema likapita kando ya kibanda cha familia moja iliyokuwa inakula chakula cha mchana, na yule baba wa familia, asiyewajua hata kidogo, akaacha kijiko, akawasha gari lake, akalifukuza taratibu hadi mbele, akaliziba kwa ubavu wa gari. Ndani, kila kitu kilikuwa mahali pake. Wale ndugu waliwapelekea familia ile sambusa wiki iliyofuata, na hadi leo wanatembeleana.

Utaratibu ni huu. Kabla hujakunjua hema, chimbia skrubu ya barafu upande upepo unakotokea, funga kamba ya hema hapo. Ndipo ukunjue. Zungusha skrubu zilizobaki, kisha rundika theluji kwenye pindo la chini pande zote. Wakati wa kuondoka, kamba ya upande wa upepo ifunguliwe mwisho kabisa. Miguuni valia meno ya chuma juu ya buti. Ni ya bei ndogo, na yanaokoa viuno na mikono. Mtu anayefanya kazi ya kuinua wagonjwa hawezi kumudu kuvunjika mkono kwa ajili ya perchi, samaki mdogo wa maziwa ya huku.

Mjomba na mpwa wakavuana

Minnesota inaruhusu mishipi miwili kwa kila mtu unapovua kupitia barafu, wakati majira mengine ni mmoja tu. Ni ruhusa nzuri, lakini fikiria watu watatu kwenye kibanda kimoja: mishipi sita imening'inia ndani ya eneo la chumba kidogo, na huko chini samaki anayeshika mmoja wapo hazami wima, anazunguka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba mmoja na mpwa wake. Mpwa alihisi mzito, akavuta. Ufito wa mjomba ukainama papo hapo. "Na mimi nimepata!" Mjomba akavuta. Ufito wa mpwa ukainama zaidi. "Mkubwa huyu, mjomba!" "Wangu ndiye mkubwa, usimwachie wako!" "Sithubutu!" Mmoja akilegeza kidogo, mwenzake anapata sentimita chache na kushangilia, akivuta tena, mwenzake analalamika samaki amepata nguvu mpya. Wamesimama wanatazamana, jasho linawatoka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mke wa mjomba, aliyekuwa anafuma kwenye kona, ndiye aliyeona kwamba mmoja akivuta mwingine anainama. Akachukua mkasi wake wa uzi, akainama juu ya shimo, akakata. Wote wawili wakakaa chini kwa kishindo.

Samaki alikuwepo kweli. Alikuwa perchi wa urefu wa kiganja, amejifungia katikati ya fundo.

Kwa hiyo kubalianeni mapema: mtu akisema "nimepata", wengine wote wanakunja mishipi yao hapo hapo, bila kubishana. Mashimo yaachane mita moja na nusu au mbili. Shimo lenyewe, la inchi 8 kwa upana linatosha kwa samaki wengi. Ukihama, usiliache bila alama. Juu yake hujitandika ngozi nyembamba ya barafu, theluji inafunika, na anayekuja nyuma yako anatumbukiza mguu hadi gotini. Chomeka kijiti au rundika vipande vya barafu. Ukiwa na watoto, hili lipe uzito kuliko yote niliyosema mpaka hapa.

Funza mdomoni

Chambo cha kawaida ni samaki wadogo walio hai na funza weupe wanaouzwa kwenye vikopo. Tatizo ni kwamba funza wakiganda hawachezi tena kwenye ndoano, na samaki wa majira ya baridi ni mvivu, damu yake ya baridi imepunguza mwendo, hafuati kitu kisichotikisika. Wavuvi wa zamani wana dawa yake. Wanaweka funza kadhaa kati ya mdomo wa chini na fizi, wabaki na joto, na kila wakihitaji wanatoa mmoja.

Rafiki yetu wa Bukoba aliona mzee mmoja akitia funza mdomoni, kimya kimya, mmoja baada ya mwingine. Yeye ni Mhaya, amelelewa kwa senene, hakuona ajabu ya kula mdudu. Kilichomuumiza ni mapishi. "Babu," alimwambia kwa Kiingereza cha upole, "kwetu tunakaanga kwanza, na chumvi kidogo na kitunguu." Yule mzee akamtazama, akatoa funza mmoja mdomoni mwake, akamtungika kwenye ndoano. Ilibidi mimi nieleze pande zote mbili. Mwaka uliofuata yule rafiki alimletea mzee mfuko wa senene waliokaangwa kutoka nyumbani, na mzee alikula wote bila kutumia hata mmoja kuvulia.

Wewe si lazima utumie mdomo. Mfuko wa ndani wa shati unatosha, kopo likiwa limefungwa vizuri.

Samaki anayekumbatia

Nyumbani tunamjua kamongo. Huku yuko samaki mwenye umbo linalofanana naye kwa mbali: mrefu, utelezi mtupu, madoadoa ya kahawia, kichwa bapa, na unywele mmoja wa nyama unaoning'inia kidevuni. Wenyeji wanamwita eelpout. Ukoo wake ni wa chewa wa bahari za baridi, na katika ukoo huo ni yeye pekee anayeishi maisha yake yote kwenye maji yasiyo na chumvi. Wakati samaki wengine wamezubaa, yeye ndipo anapochangamka. Anataga mayai katikati ya majira ya baridi, chini ya barafu, usiku. Na ana desturi moja ambayo hakuna aliyekuwa amemwambia dada yetu wa Mombasa, muuguzi, mwanamke asiyetetereka mbele ya damu.

Alimvuta mwenyewe hadi juu, akamshika kwa mkono mtupu nyuma ya kichwa ili atoe ndoano. Eelpout akazungusha mkia wake kwenye kifundo cha mkono, akabana. Dada akatazama mkono. Akatamka Bismillahi, akasukuma mlango kwa bega, akatoka mbio gizani mkono ameunyoosha mbele, samaki amejiviringisha, anaita "Nyoka! Nyoka!" kwa sauti iliyofika vibanda vyote. Wanaume walitoka na taa kichwani, mmoja na koleo la theluji. Hakuna aliyeelewa neno, lakini walipoona mkono wakaelewa kila kitu, maana kila mmoja wao alikuwa na siku yake ya kwanza na samaki huyo. Mmoja akamfungua mkia taratibu, akamrudishia samaki wake kwa mikono miwili.

Mshike kwa glovu ya mpira, kichwa kielekee juu, usimkaribishe kifundoni. Hang'ati vidole vyako wala hana sumu. Na tafadhali usimtupe. Yapo mazoea mabaya ya kumwacha afe juu ya barafu kwa sababu ya sura yake, nami nimegombana na watu kwa jambo hilo. Nyama yake ni nyeupe, ngumu kidogo, tamu. Wenyeji huchemsha vipande vyake kwenye soda ya limau na kuchovya kwenye siagi iliyoyeyushwa, wanasema ni kambakoche wa maskini. Dada yetu alimpika kwa tui la nazi, bizari na ndimu, na sasa anatuomba tumpelekee kila tukimpata.

Mgeni wa manyoya, na maji yanayopumua

Kibanda kikikaa muda mrefu mahali pamoja karibu na matete, usishangae maji ya shimo yakianza kutikisika na kichwa chenye sharubu kikachomoza. Ni panya mkubwa wa majini, anayeogelea chini ya barafu na kutafuta pa kupumulia. Akiingia ndani kabisa, watu hupanda juu ya viti. Fungua mlango, kaa pembeni, mwachie njia. Meno yake ni makali, usimguse.

Jambo jingine linalowababaisha wageni: maji ndani ya shimo kupanda na kushuka yenyewe, boya likacheza, kila mtu akavuta mshipi kwa pamoja bila samaki. Sababu ni gari linalopita. Barafu hupinda kidogo chini ya uzito, na gari linasukuma wimbi la maji mbele yake chini ya barafu. Ndiyo maana juu ya ziwa tunaendesha polepole, hasa tukikaribia ufukwe, ambako wimbi hilo linaweza kuipasua barafu kutoka chini. Madirisha wazi, mikanda imefunguliwa, magari hayaegeshwi kwa kubanana.

Simu na funguo nazo hutafuta shimo. Funguo ziwe kwenye mfuko wenye zipu. Zikizama na pete yake ni ya chuma, sumaku yenye kamba imewahi kuziokoa mbele ya macho yangu. Simu ifungwe kamba shingoni na ikae ndani ya nguo, maana baridi huimaliza betri mapema, na ndiyo utakayoihitaji siku ya tatizo.

Siku ambayo hakuna anayecheka

Tarehe 29 Desemba 2023, kipande kikubwa cha barafu kilimeguka kwenye ziwa Upper Red Lake, kaskazini mwa Minnesota, kikaelea na wavuvi 122 juu yake. Waliokolewa wote. Upepo uliofanya kazi hiyo ni upepo ule ule unaokimbiza mahema. Ukiona ufa mpana wenye maji, au upepo unavuma kwa nguvu kutoka ufukweni kwako kwenda katikati, acha samaki, rudi.

Vaa shingoni misumari miwili yenye vishikio iliyounganishwa kwa kamba. Ukitumbukia, igeukie njia uliyojia, maana huko barafu ilikubeba. Chomeka misumari, piga miguu ulale juu ya maji, jivute, kisha bingirika badala ya kusimama. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, anafundisha hesabu ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kutuliza pumzi, takriban dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na takriban saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Watu wengi hawaijui hiyo saa, wanakata tamaa katika ile dakika ya kwanza.

Jambo la pili ni hita ya gesi. Ndani ya hema lililofungwa, moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Mtu anaweza kuhisi usingizi tu. Acha matundu ya hewa wazi juu na chini hata kama baridi inaingia, na ubebe king'ora cha betri kinacholia gesi hiyo ikizidi. Mwenzako akianza kulalamika kichwa kinamuuma, mtoe nje kwanza, ndipo muulizane.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kuanzia miaka 16 unahitaji leseni ya uvuvi, na kibanda utakachokiacha ziwani bila mtu kina leseni yake. Nguo za pamba usivae karibu na mwili, zikilowa jasho zinakugandisha. Vaa sufu au nyuzi zisizonyonya maji, tabaka kwa tabaka, na soksi za akiba. Ndoo ya plastiki inatosha kuwa kiti na kapu la samaki. Chukua kijiko kikubwa cha matundu cha kuondolea barafu inayojitandika shimoni. Msimu wa samaki aitwaye walleye kwenye maziwa mengi ya ndani hufungwa mwishoni mwa Februari, perchi wanaendelea kuvuliwa. Vibanda vinatakiwa kuondolewa mwanzoni mwa Machi kusini na katikati ya Machi kaskazini. Barafu ya Machi, hata ikiwa nene, huoza kwa ndani ikawa vijiti vilivyosimama wima, na inchi zake haziaminiki tena.

Mara ya kwanza kodi kibanda chenye joto kwa wenye kambi za uvuvi kando ya ziwa; wanakupeleka, wanakutobolea mashimo, wanakurudisha. Kabla hujalipa, piga simu uulize mambo matatu: unene wa barafu leo ni inchi ngapi, umepimwa sehemu gani ya ziwa, na nani aliyepima kwa mkono wake. Akikujibu la kwanza tu akasita kwenye mawili yaliyobaki, piga kambi nyingine.